Zantheti, dithiofosfeti au thionokabameti: kolekta ipi kwa jiwe lipi

Jamaa wanaofunga plenti ndogo za flotesheni (kutenganisha madini na mwamba kwa povu) wananiuliza swali moja tu, "mkuu, kolekta gani kali?" na kila nikiulizwa nachoka kidogo. Kolekta ni dawa inayofanya punje za madini zishike kwenye povu. Iliyo kali ipo, inaitwa PAX, aina ya zantheti, inakuja kwenye dramu, ukiitia itanyanyua kila salfaidi (madini yenye salfa) iliyomo kwenye tope pamoja na piraiti (salfaidi ya chuma) ambayo hukuiomba, alafu mnunuzi wa makinikia anapima shaba anakuta gredi imelala anakukata bei na wewe unabaki kulaumu mashine. Swali la kuuliza ni hili: kwenye mawe yangu nataka kitu gani kibaki chini? Ukishalijibu hilo nusu ya kazi ya kuchagua imeisha.

Nitalinganisha tano ambazo utakutana nazo huku kwetu na kule Katanga, Kongo, ila sitazipa nafasi sawa maana hazistahili nafasi sawa. Mbili za kwanza ndo zinazowatesa watu.

Kwanza tuelewane kolekta inafanya nini. Umeshaona maji kwenye jani la magimbi, yanajikunja kama shanga yanateleza, jani halilowi. Punje ya kalkopiraiti (salfaidi ya shaba na chuma) iliyotoka kwenye kinu ikiwa imeshaguswa na hewa na maji kidogo inalowa vizuri tu, kiputo cha hewa kikipita hakina pa kushika. Molekuli ya kolekta ina kichwa na mkia, kichwa (chenye salfa au oksijeni) kinashika madini, mkia ni mnyororo wa kaboni usioelewana na maji. Vichwa vikishashika mikia inabaki imetazama nje, punje inageuka jani la magimbi, kiputo kinajibandika kinapanda nayo juu. Na haihitaji tabaka nene, gramu 10 mpaka 100 kwa tani nzima ya mawe ndo dozi za kawaida za salfaidi, yani vijiko vichache vya chakula kwa tani. Mtu akikwambia anatia kilo kwa tani kwenye salfaidi safi, ama anaharibu pesa ama jiwe lake sio salfaidi safi, na mara nyingi ni hilo la pili, tutalifikia.

Sasa shika hili maana lote linalofuata linasimama hapo: mkia unaamua nguvu, kichwa kinaamua uchaguzi. Zantheti ya ethili, yenye mkia mfupi, ikishajaa juu ya galena (salfaidi ya risasi), piraiti au kalkopiraiti, pembe ya mguso kati ya maji na madini (ikiwa kubwa punje inayakataa maji zaidi) inafika kama digrii 60 kwa zote, ukiweka ya butili, yenye mkia mrefu zaidi, inapanda mpaka 74 hivi, kwa zote tena. Yani ukishashika, madini gani yako chini hayana neno, mkia ndo unaongea. Kwa iyo mtu anayetoka SIPX (zantheti ya isopropili) kwenda PAX (ya amili, mkia mrefu zaidi) ili "achague vizuri zaidi" amebadilisha mkia na kuacha kichwa kilekile, ameongeza msuli bila kuongeza macho.

Haya, zantheti. Mdenmark mmoja, Zeise, aliitengeneza 1822 bila kuwaza migodi kabisa, jina limetoka kwenye neno la Kigiriki la rangi ya njano na ukifungua dramu utaona kwa nini. Ikaja kuingia kwenye flotesheni karne moja baadaye, hataza (patenti) ya Keller kule Marekani ni ya 1925. Unachukua alkoholi, kostiki na kaboni disalfaidi unapata zantheti na maji, basi, ndo maana ni rahisi kuliko wenzake wote. Kazi yake juu ya madini ni ya umeme na hapa ndo patamu. Punje ya salfaidi inapitisha umeme kidogo, sehemu moja ya uso oksijeni iliyoyeyuka inanyakua elektroni, sehemu nyingine zantheti inatoa elektroni, kama betri ndogo iliyojifunga yenyewe. Zantheti mbili zikitoa elektroni moja moja zinaungana kuwa dizanthojeni, ambayo ni mafuta, hayayeyuki kwenye maji na yanajipaka juu ya punje.

Ila dizanthojeni haitokei kila mahali, inategemea volti ya uso wa madini. Kwenye vipimo vya miaka ya 70 vilivyofanywa kwa zantheti ya ethili kwenye pH 7 (si asidi si alkali), dizanthojeni ilihitaji uso ufike kama volti 0.13 kwa kipimo cha elektrodi ya haidrojeni. Piraiti ilikaa 0.22, imepita, kwa iyo inajipaka dizanthojeni bila kubembelezwa. Kalkopiraiti 0.14, imepita kwa unywele. Galena na kalkosaiti (salfaidi ya shaba) 0.06, hazifiki, hizo zinashika zantheti kwa njia nyingine ya kuunda chumvi ya zantheti na risasi au shaba palepale juu. Angalia maana yake sasa: kwa zantheti, piraiti ambayo wewe unaiona takataka ndo iko mbele ya foleni. Na ndo maana plenti za shaba zinazotumia zantheti zinamwaga chokaa mpaka pH 11 na zaidi, haidroksaidi ya hiyo chokaa inaingia kugombania uso na piraiti inavaa koti la chuma haidroksaidi inaacha kushika.

Jambo la pembeni lakini lina pesa ndani. Kwa kuwa betri hiyo inakula oksijeni, kinu chenye mipira ya chuma kinaweza kukunyima povu hata dozi ikiwa sawa, maana chuma kinakula oksijeni yote kwenye tope. Nimeona watu wanaongeza zantheti mara mbili mara tatu wakati dawa ya tatizo ilikuwa kulipulizia tope hewa dakika chache kabla ya kutia kolekta.

Dithiofosfeti ni kichwa kingine kabisa, salfa mbili zimekaa kwenye fosforasi badala ya kaboni. Hiki kichwa hakipendi kutoa elektroni, mafuta yake yanayolingana na dizanthojeni yanahitaji volti kubwa zaidi, na piraiti haifiki huko kirahisi. Shaba anaishika, lakini kwa kuunda kiwanja na shaba yenyewe juu ya uso. Kwa hiyo piraiti inaachwa mlangoni bila ugomvi mkubwa wa chokaa.

Kuna namba za zamani za Waaustralia, Wark na Cox, nazipenda kuliko kipeperushi chochote cha muuza dawa. Walitafuta pH ambayo ukiivuka kiputo kinakataa kushika. Kwa zantheti ya ethili miligramu 25 kwa lita, piraiti ilikataa kwenye 10.5 na kalkopiraiti kwenye 11.8. Kwa dithiofosfeti ya ethili miligramu 32.5 kwa lita, piraiti ilikataa kwenye 3.5 tu, na kalkopiraiti kwenye 9.4. Ziweke ubavu kwa ubavu. Nafasi ya kupita katikati, shaba ipande piraiti ishuke, kwa zantheti ni pH 1.3, kwa dithiofosfeti ni karibu 6. Na pH inaenda kwa mara kumi kumi, kwa iyo 1.3 ni kama mara 20 ya haidroksaidi na ile nyingine ni kama mara laki nane. Zantheti unatembea juu ya kamba, dithiofosfeti unatembea barabarani.

Lakini soma na upande wa pili wa namba hizo, 9.4. Mi mwenyewe ilinipata. Plenti moja niliyokuwa nasaidia walikuwa wanakimbiza SIBX (zantheti ya isobutili) kwenye pH 11.3, makinikia yamejaa piraiti, nikawaambia hamieni dithiofosfeti, wakaleta ile ya mkia mfupi kwa sababu ndo ilikuwepo dukani, tukaitia, povu likaja jembamba leupe halina kitu. Siku nzima tunatafuta ubaya kwenye dawa, tumeongeza dozi, tumepiga simu kwa muuzaji, kumbe jamaa wa zamu ya chokaa hakuambiwa kitu na alikuwa anaendelea kuilinda 11.3 yake kwa uaminifu wote. Na hakuambiwa kwa sababu mimi sikumwambia. Tukashusha mpaka 8.8 shaba ikarudi na piraiti ikabaki chini. Ukibadilisha kichwa badilisha na chokaa siku hiyohiyo, ukishindwa hilo chukua dithiofosfeti ya mkia mrefu, isobutili kwa mfano, hiyo inavumilia pH ya juu zaidi.

Kwa upande wa udhaifu, dithiofosfeti ni mnyonge kwa punje kubwa na zile zenye kutu juu, rikavari (kiasi cha shaba unachofanikiwa kukitoa) inaweza kupungua kidogo. Ndo maana wengi wanachanganya, dithiofosfeti mwanzoni kwenye seli (matangi ya povu) za mbele ivute zile safi, alafu zantheti kidogo kwenye skavenja, seli za mwisho, ikombe mabaki. Huo mchanganyiko ndo ningemwanzishia mtu yeyote mwenye shaba na piraiti kama hana hela ya majaribio mengi. Angalizo moja, dithiofosfeti za krisiliki zinatoa povu zenyewe, ukizitia pamoja na dozi yako ya kawaida ya frotha (dawa ya kutoa povu) utakuta povu limemwagika mpaka chini kwenye sakafu.

Thionokabameti sitakaa sana. Hii ni mafuta, haina chaji, Z-200 ya kampuni ya Dow ndo jina lililozoeleka. Inaichagua shaba na kuiacha piraiti kwa pH ya 8 mpaka 10 hivi, bei kwa kilo ni ya juu kuliko zantheti lakini dozi ni ndogo na chokaa unaokoa, kwa iyo ukipiga hesabu usilinganishe bei ya dramu kwa dramu, linganisha jumla ya dawa na chokaa kwa tani ya mawe. Haiyeyuki vizuri kwa hiyo itie kwenye kinu ipate muda wa kusambaa, ukiidondosha kwenye seli kama zantheti utaona madoa ya mafuta juu na utadhani umeuziwa feki.

Sasa dhahabu, na hapa nageuza meza. Yote niliyosema juu yanamchukulia piraiti kama adui. Kama dhahabu yako imefungwa ndani ya piraiti au asenopiraiti (ndugu yake mwenye aseniki), piraiti ndo mzigo wako, unaitaka yote ipande, na ile sifa ya zantheti ya kupaparikia piraiti inakuwa ndo sifa unayolipia. Hapo PAX ina haki yake, pH ya asili ya tope bila chokaa, na kopa salfeti kidogo ya kuamsha nyuso zilizolala. Kama dhahabu ni huru, punje zinazoonekana kwenye karai, hizo dithiofosfeti anazishika vizuri, ukiongeza na zantheti kidogo ni bora zaidi, lakini weka chokaa mbali kwa sababu kalsiamu inailaza dhahabu huru, ukihitaji kupandisha pH tumia magadi soda. Kama ni dhahabu pamoja na shaba kama ile ya mgodi wa Bulyanhulu, Tanzania, ambayo ndo ilifanya nchi nzima ijue neno makinikia mwaka 2017, basi unarudi kwenye kupima: dhahabu iko na nani, iko na shaba au iko na piraiti? Jibu linatoka kwenye darubini na majaribio ya kilo moja moja ya seli ndogo, halitoki kwenye ushauri wangu.

Na wenye marudio (mabaki ya mawe yaliyokwisha chenjuliwa) wanaotaka kufloti kwanza alafu wapeleke kwenye sayanaidi na kaboni, mkumbuke kolekta iliyobaki inaipenda kaboni kama inavyopenda madini. Dozi ya kupitiliza inaenda kukaa kwenye kaboni yako ile ya gharama na kaboni inakuwa mvivu wa kubeba dhahabu.

Tuje kwenye mawe ya kijani, malakaiti, maana hapa ndo penye ile "kilo kwa tani". Malakaiti ni kabonati ya shaba, inapenda maji, haipitishi umeme, ile hadithi ya betri haipo. Ukitia zantheti inareact na shaba kweli, tope linabadilika rangi unashangilia, lakini shaba inayeyuka kutoka juu ya punje na kuungana na zantheti kwenye maji, na ile inayokaa juu ya punje ni legelege, inabanduka kwenye msukosuko wa seli kama rangi iliyopakwa juu ya vumbi. Unalisha maji. Watu wa Katanga wanaijua shida hii tangu zamani na njia zao ni tatu, ziko tofauti sana.

Ya kwanza ni kuidanganya. Unatia sodiamu haidrosalfaidi, uso wa malakaiti unageuka salfaidi ya shaba, alafu unaleta PAX. Inafanya kazi, na mkia mrefu hapa ni lazima, ethili itakuaibisha. Shida ni kipimo, ikipungua hakuna koti, ikizidi ile salfaidi inayobaki kwenye maji inashusha volti na kumaliza oksijeni na hakuna kinachopanda, hata kalkopiraiti iliyokuwa inapanda yenyewe. Plenti za kueleweka zinaiweka kwa awamu awamu kwenye seli tofauti na kuisoma kwa elektrodi, hawamimini mara moja. Na isikutane na asidi hata kwa bahati mbaya, gesi ya haidrojeni salfaidi haina msamaha, ukiisikia harufu alafu ghafla huisikii tena usifikiri imeisha, pua ndo imekufa ganzi, kimbia.

Ya pili ni mafuta. Kolwezi, kulekule Katanga, enzi za kampuni ya Union Minière na baadaye Gécamines walifloti malakaiti kwa mawese, mafuta ya mawese yaliyovunjwa kuwa asidi ya mafuta, pamoja na magadi soda na dizeli. Napenda sana hii, dawa inatoka kwenye mchikichi. Kichwa chake ni kaboksili, kinashika shaba kwa kutengeneza sabuni ya shaba juu ya uso. Lakini kichwa hicho hakina macho, kinashika kalsiamu na magineziamu vilevile. Mama yeyote anayefua na maji magumu ya kisima anaijua hii reaksheni, sabuni inagoma kutoa povu na utando mweupe unaelea kwenye beseni, ule utando ni sabuni ya kalsiamu. Sasa fikiria mwamba wako ni dolomaiti, yani kabonati ya kalsiamu na magineziamu, utafloti mlima mzima. Ndo maana kulekule Kolwezi mawese yalipewa mawe ya silika, na mawe ya dolomaiti yakapewa haidrosalfaidi na zantheti. Ukitaka kuchagua kati ya hizi mbili una kipimo cha bure, dondosha asidi ya betri kidogo kwenye mwamba mtupu usio na kijani (malakaiti nayo inachemka, usijichanganye), ukisagwa unga wake ukachemka sana achana na asidi ya mafuta.

Ya tatu ni haidroksameti. Kichwa chake kina oksijeni mbili zinazoibana shaba kama koleo, pete ya pembe tano, ngumu kubanduka, na haihitaji haidrosalfaidi kabisa. Inafanya vizuri karibu na pH 9. Haishiki sana dolomaiti. Ungetegemea niseme ndo mshindi, lakini bei yake ni nzito na inapenda chuma pia, tope lenye udongo mwekundu mwingi litaimeza yote kabla haijaona malakaiti. Ni dawa ya kumalizia: ukishatoa salfaidi, ukishafanya haidrosalfaidi na bado mabaki yana shaba ya kutosha kulipia, hapo ijaribu.

Na kama jiwe ni mchanganyiko, salfaidi na malakaiti pamoja, mpangilio ni salfaidi kwanza kwa dithiofosfeti au thionokabameti, alafu haidrosalfaidi, alafu PAX. Ukianza na haidrosalfaidi umewalaza wote.

Mwisho kuhusu kukaa na zantheti, kwa sababu ndo nyingi zaidi mtanunua. Unyevu, joto na asidi vinairudisha kwenye alkoholi na kaboni disalfaidi iliyotengenezewa. Hiyo inachemka kwenye nyuzi 46, mvuke wake ni mzito kuliko hewa unatambaa chini, na unawaka wenyewe ukigusa kitu chenye joto la kama nyuzi 90 tu, bomba la mashine linatosha. Dramu iliyoguswa na mvua msimu uliopita usiifungue ndani ya stoo huku taa ya kibatari iko pembeni. Changanya kwa maji baridi, kiasi cha siku moja au mbili, isiwe ya wiki. Na yale madramu matupu nayoona watu wanachotea maji ya kuoga kambini, yatoboeni.